Tezi ya Mzee Salum na Mashahidi Wawili

Naambiwa siku hizi mashine inawapakia rangi vioo vyenu. Mnapanga tishu asubuhi, mnabonyeza, mnakwenda kunywa chai, mkirudi mnakuta kahawia na bluu zimekaa mahali pake. Sina wivu. Nimechemsha vioo ndani ya sufuria ya presha juu ya mkaa, nikipepea kwa kipande cha katoni, na sitamani kurudi huko. Ila mashine haina aibu. Ikikosea, inakosea kwa usafi, na kioo cha uongo kinatoka kizuri kuliko cha kweli. Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza nanyi, vijana mnaoanza kazi hii.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Unachukua kipande cha mwili wa mtu kilichogandishwa ndani ya nta, unakikata chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unakilaza juu ya kioo, unakichemsha ili kifunguke. Unadondosha kingamwili ya kwanza, ambayo imetengenezwa itafute kitu kimoja tu na kukishika. Unaosha. Unadondosha ya pili, ambayo kazi yake ni kuitafuta ile ya kwanza popote iliposhika. Mwisho unaweka rangi. Pale ambapo zote mbili zimekaa panakuwa kahawia. Pengine pote panabaki bluu. Kahawia inasema kitu kipo. Bluu inasema hakipo. Na kazi yote ya fundi ni kujua lini kahawia inadanganya.

Maabara yetu ilikuwa ukingoni mwa mtaa wa viwanda, Bujumbura, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala. Upepo ukitoka upande mmoja tulinusa sabuni, ukitoka upande mwingine tulinusa shayiri inayochemka. Ilikuwa maabara ya utafiti, si ya hospitali. Tulikuwa tunachunguza tezi za shingo, ule uvimbe ambao watu huuita mitoki, ili kujua katika mji wetu ni ngapi zinatokana na maradhi ya kuambukiza na ngapi ni kansa. Mimi niliingia pale kuosha chupa. Baba alikuwa dereva wa lori. Alitoka asubuhi moja mwanzoni mwa vita, na lori halikurudi, wala yeye. Mama alimfuata kwa ugonjwa kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nyuma yangu wadogo wanne, kwa hiyo nikaacha shule na kwenda kuosha chupa.

Aliyenitoa kwenye beseni ni Mzee Salum. Alikuwa fundi mkuu wa maabara, mtu wa mtaa wa Bwiza, ukoo wake ni wale Waarabu wa Oman waliofika mji huu zamani na kufungua maduka. Mkewe, Bi Rukia, ndiye aliyeuza vitambaa dukani. Yeye mwenyewe hakuipenda biashara. Alikuwa anasema, "Mi kupima kitambaa siwezi, nitapunja mutu. Mi napima nta." Alivaa kofia ya kufuma hata akiwa amevaa koti jeupe. Siku ya kwanza kunipa kisu cha mashine ya kukatia, alichukua kipande changu kwa brashi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nini, Zaituni?"

"Ni tishu, Mzee."

"Apana. Hii ni chapati. Rudia."

Nikarudia mpaka nikaacha kuleta chapati.

Nitawapa makosa machache yaliyotupata, kwa sababu kosa la mwenzako ni mwalimu wa bei rahisi.

La kwanza ni la mbuzi. Tulipokea kingamwili mpya, na hatukutaka kuharibu tishu za wagonjwa kwa majaribio. Ilikuwa Idi ya kuchinja. Nyumbani kwa Mzee Salum mbuzi alikuwa amechinjwa, na mwenzetu mmoja kutoka mtaa wa Carama akasema tuombe wengu tujizoeze nao. Tukaukata, tukaupaka. Ukatoka wa kahawia wote, kutoka ukingo hadi ukingo, kama umechovywa kwenye kahawa. Tukashangilia: kingamwili kali kweli! Mzee Salum akasoma karatasi iliyokuja na chupa, akavua miwani, akacheka mpaka akaketi.

"Hii ya kwanza imetengenezwa ndani ya mbuzi. Ya pili imetengenezwa imutafute mbuzi. Na nyinyi mumeipa nini? Mbuzi! Mumetuma polisi kumutafuta mbuzi ndani ya mbuzi. Atakosa kumuona?"

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chupa, uliza kingamwili yako ilitoka kwa mnyama gani, na tishu yako ni ya mnyama gani. Tezi za watu hazikutupa shida hiyo, lakini nimekuta wasomi wa panya wakilia juu ya jambo hilohilo.

La pili ni la maziwa. Kabla ya kingamwili tulikuwa tunafunika kioo kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yaliyokorogwa kwenye maji ya chumvi. Maziwa yanazishibisha zile sehemu zenye njaa ya kushika chochote, ili kingamwili isishike ovyo. Mlinzi wetu Nestori aligundua kwamba maziwa hayo yanakwenda pia na chai. Kopo likaisha. Akaona haya, akanunua jingine Bwiza kwa siri na kulirudisha pahali pake, lakini lilikuwa la maziwa yenye mafuta yake yote. Juma zima vioo vyetu vilikuwa na madoa kama sahani isiyooshwa. Mwisho Nestori mwenyewe akaja, kofia mkononi: "Dada Zaitu, mi naona mnahangaika. Swali tu: maziwa iko na makosa?" Tangu hapo tulichora kwenye kopo fuvu la kichwa na mifupa miwili. Chai yake ikawa ya rangi.

La tatu si la kuchekesha sana. Kioo kikiwa na kingamwili juu yake hakitakiwi kukauka hata mara moja. Kikikauka, pembeni panakuwa kahawia, na kahawia hiyo haina maana yoyote. Asubuhi moja risasi zilianza karibu na ghala za jirani, tukalala chini ya meza sote. Kulipotulia tuliinuka, tukakuta vioo vimekauka. Nilidhani Mzee Salum atasema Mungu ni mwema, tumepona. Alisema hivyo kweli, kisha akavikusanya vioo vyote na kuvitupa kwenye pipa.

"Mzee, vita jamani!" mwenzetu wa Carama akalalamika.

"Vita wanajua watu. Kioo haijui vita."

Kuanzia siku hiyo tuliweka boksi lenye kitambaa chenye maji chini ya meza. Risasi zikilia, kwanza vioo vinaingia boksini, mfuniko unafungwa, ndipo wewe unalala. Msicheke. Nimelala sakafuni mara nyingi nikiwa nimekumbatia boksi lile kama mtoto.

Sasa nije kwenye mashahidi, maana bila hao mengine yote ni mapambo.

Mzee Salum hakuruhusu kioo cha mgonjwa kiende peke yake. Kilikwenda na wenzake wawili. Wa kwanza alimwita shahidi wa ndiyo: tishu ambayo tunajua kabisa kwamba ina kile tunachotafuta. Sisi tulitumia tonsili zilizotolewa kooni mwa watu. Huyu asipotoka kahawia, basi dawa zako zimekufa, na bluu ya mgonjwa haina maana. Wa pili alimwita shahidi wa apana: tishu ya mgonjwa yuleyule, inapitishwa kila hatua, ila kingamwili ya kwanza hatumpi. Huyu lazima atoke bluu. Akitoka kahawia, basi kahawia yako imetoka kwingine, na ya mgonjwa nayo hujui imetoka wapi.

"Mashahidi wakigombana," alikuwa anasema, "kadhi hahukumu."

Vita viliendelea na watu wakapungua. Yule wa Carama alihamisha familia yake kwenda Tanzania. Mwingine alivuka mpaka kwenda mji wa Uvira. Daktari wa kike aliyeanzisha utafiti alikwenda Ulaya kwenye mkutano na hakupata sababu ya kurudi. Kisha nchi jirani zikafunga mipaka ya biashara, na dawa zilizokuwa zinakuja kwa ndege na kwa lori zikaacha kuja. Mzee Salum alikuwa wa mwisho kubaki nami. Tukawa tunafanya kazi mezani upande mmoja, viti vingine tumevipandisha juu ya meza, miguu hewani. Kisha naye akaanza kukohoa, akakonda, shingo ikavimba upande wa kushoto, na siku moja akasema anakwenda kupumzika nyumbani juma moja. Juma likawa miezi.

Upweke wa kazi hii sidhani mnaujua. Maabara ni mahali pa kuuliza: njoo uone hii, ni kahawia au macho yangu? Ukiwa na mtu, unauliza na kusahau kwamba umeuliza. Ukiwa peke yako, swali linarudi na kukaa nawe. Nyumbani nako hakukuwa na wa kumuuliza. Wadogo zangu walinipenda, lakini nilipoingia mlangoni walikaa sawa na kuficha michezo yao, kama wanavyofanya kwa mzazi. Nyumbani nilikuwa baba na mama. Kazini nilikuwa wote waliobaki.

Aliyekuwa bado anakuja, mara moja moja, ni Dokta Pascal. Alikuwa na wagonjwa wake hospitali na alikuwa anatusomea vioo vya utafiti kwa hadubini, kwa sababu mimi fundi napaka, kusoma ugonjwa ni kazi ya daktari. Asubuhi moja aliingia na kichupa cha formalini, ile dawa ya kuzuia tishu isioze, akakiweka mezani bila kuketi.

"Zaituni, mi ndiye nilimukata Mzee Salum jana. Tezi yake hii."

Nikakiinua kichupa kwenye mwanga. Ndani palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mahindi.

Akanieleza jinsi mambo yalivyosimama, nami nawaeleza ninyi ili mjue ni kitu gani kilikuwa mezani. Kwa hali ya Mzee, ilikuwa moja kati ya mawili: TB ya tezi, au kansa ya tezi. Vidonge vya TB vilikuwepo. Dawa za kansa zilikuwepo kidogo, Dokta alikuwa amezihifadhi. Lakini kama ni TB na ukampa dawa za kansa, unamuua, maana zinauangusha ulinzi wote wa mwili na TB inapita mlango wazi. Na kama ni kansa na ukampa vidonge vya TB, unamtazama akifa polepole huku anameza. Na hali yake ilikuwa haingojei. Juma lile lile ilibidi aanzishiwe dawa mojawapo.

"Nitaangalia kwanza kwa rangi ya kawaida," akasema. "Ila kipande ni kidogo na kimebanwa na koleo. Naogopa nitahitaji kingamwili. Imebaki?"

"Iko kidogo, Dokta. Ile ya mwisho."

"Tumalizie kwake. Utafiti utanisamehe."

Rangi ya kawaida haikumpa jibu, kama alivyoogopa. Aliona seli nyingi ndogo zimesongamana, na hakuweza kusema kama ni jeshi lililokuja kupigana na ugonjwa au ni ugonjwa wenyewe. Kingamwili yetu ingemwambia. Ilikuwa inashika aina moja tu ya seli hizo. Zikitoka zote kahawia, ni kansa. Zikitoka visiwa vya kahawia katikati ya bluu, ni jeshi la kawaida, na ugonjwa utafutwe upande wa TB.

Nikakata. Nikachemsha. Nikaweka boksi na kitambaa chenye maji. Kioo cha Mzee Salum, cha shahidi wa ndiyo, cha shahidi wa apana, vyote vitatu pamoja. Nilifanya kila hatua kwa sauti, nikijiambia, kwa sababu jengo lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Mwisho nikaweka rangi, na kioo cha Mzee Salum kikatoka kahawia. Chote.

Dokta Pascal alikitazama akiwa amesimama, kisha akaketi. Najua alikuwa anafikiri atamwambiaje Bi Rukia. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua kichwa.

"Lete ya apana."

Nikampa. Nilikuwa nimeshaiona, na nilikuwa nimesimama pale nikitumaini kwamba macho yangu ni mabovu. Akaitazama, akaondoa jicho kwenye hadubini.

"Nayo ni kahawia."

"Ndiyo, Dokta."

"Basi hatujui kitu. Hatujui kabisa." Akasugua uso. "Iko matone mangapi?"

"Ya mara moja. Labda."

"Na kosa liko wapi?"

Nilijua kwamba kitu fulani kilikuwa kimeleta kahawia bila kingamwili ya kwanza. Lakini kipi? Ukirudia kazi na kosa bado limo ndani, unarudia kosa, na safari hii matone yanaisha. Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na alikuwa ndiye mwenye shingo.

Nikaenda Bwiza. Bi Rukia alikuwa kwenye mlango wa duka, nusu ya mbao zimefungwa. Akanitazama usoni mara moja.

"Ingia mutoto. Ule kwanza."

"Nimekula, Bi Rukia."

"Wapi? Kwenye uso hakuna chakula."

Mzee Salum alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, shuka limefungwa shingoni kama skafu ingawa kulikuwa na joto. Nilikuwa nimepanga kumuuliza kama jambo la kazi tu, bila kusema kioo ni cha nani. Nikamweleza: shahidi wa apana ametoka kahawia, nifanye nini. Akafumba macho akisikiliza.

"Ulifunika na maziwa?"

"Ndiyo."

"Ilikauka?"

"Apana, Mzee. Boksi ilikuwa na maji mpaka mwisho."

"Ile maji ya kuua moto wa damu ulipata wapi?"

Alikuwa anazungumzia maji ya oksijeni. Ndani ya damu ya mtu, na ndani ya seli nyingine, kuna kitu ambacho chenyewe kinaweza kuwasha rangi yetu ya kahawia, hata kama kingamwili haikuwepo. Kwa hiyo kabla ya yote tunakiua kwa maji ya oksijeni. Ya kwetu yalikuwa yamekwisha tangu mipaka ifungwe, na nilikuwa nimenunua chupa kwenye famasi moja ndogo.

"Ilikaa wapi hiyo chupa? Kwenye jua?"

Nikakumbuka kirafu karibu na dirisha. "Ilikuwa dirishani kwao, Mzee."

"Imekufa basi. Imebaki maji ya kunawa. Kata kiazi kibichi, dondosha. Ikitoa povu, iko na uhai. Ikinyamaza, ni maji." Akafungua macho. "Na tezi ya mutu mugonjwa iko na damu mingi. Lazima ikuchome."

"Ndiyo, Mzee."

Akagusa shuka shingoni. Nje mtu alikuwa anabishana na Bi Rukia juu ya rangi ya kitenge.

"Ni yangu, eh?"

Nilitazama mikono yangu.

"We mutoto hujui kudanganya, ndiyo sababu nilikutoa kwenye chupa." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Sikia. Usinipendelee. Unasikia? Ukinipendelea unaniua. Fanya kama ni ya mutu mwenye hujamujua."

"Na kama ni mubaya, Mzee?"

"Basi itakuwa mubaya ya kweli. Mubaya ya kweli mi nitajua namna ya kuibeba."

Bi Rukia alinifungia chapati mbili kwenye karatasi. Nilipotoka nilipitia famasi tatu na kiazi mfukoni. Kiazi hakikutoa povu popote. Wenye famasi walinitazama kama mwendawazimu. Mwishowe nikakumbuka saluni. Barabara ya nyuma palikuwa na saluni ya akina mama ambao walikuwa wanapaka nywele rangi ya dhahabu, na walikuwa wanaleta maji ya oksijeni kwa magendo kutoka Uvira. Nikaingia, nikaomba tone moja, nikatoa kiazi changu.

"Yoo! Zaituni, unataka kupaka kiazi nywele?"

"Sha, mwacheni, anatafuta muchumba muzungu, anaanza na viazi."

Nikadondosha. Kiazi kikachemka povu jeupe, likapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika. Wote wakasogea kuona. Mwenye saluni akajishika kichwa: "Ndiyo hiyo tunaweka kwenye vichwa?" Nilicheka, na nikagundua kwamba sikuwa nimecheka kwa siku nyingi. Akanipa chupa nzima iliyofungwa, yenye karatasi nyeusi juu yake, na hakutaka kunidai.

Nikarudia kazi kesho yake mchana, karibu na dirisha, kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Mkaa ulichemsha, jua liliangaza kioo cha hadubini. Kingamwili ya kwanza ilipokwisha kushika, nilibandika plasta juu ya namba za vioo na kuvichanganya, ili hata mimi nisijue ni yupi Mzee Salum na yupi shahidi wake. Matone ya mwisho ya kingamwili hiyo nilikuwa nimeyatoa kwa kuinamisha kichupa na kukigonga kwa kucha. Kisha nikaketi kungoja. Kungoja huko hakuna namna ya kukuharakisha. Kulikuwa na viti vyenye miguu hewani na mimi. Nikashusha kimoja, nikakiweka upande wa pili wa meza. Sikujua ninafanya hivyo kwa nini. Nilitaka tu pale mbele yangu paonekane kama mtu ametoka kidogo na atarudi.

Dokta Pascal alipofika nilimpa vioo. Akasoma cha kwanza: "Hii ni tonsili, kahawia iko pale inatakiwa kuwa. Nzuri." Akachukua cha pili: "Bluu. Safi. Haina kitu." Kama hiyo ndiyo ya apana, mashahidi walikuwa wamekubaliana. Nilishika ukingo wa meza. Akaweka cha tatu, akazungusha, akasogeza, akarudi nyuma, akasogeza tena.

"Visiwa," akasema. "Visiwa vya kahawia, bluu katikati. Na huku ukingoni naona mahali pameoza kama jibini. Toa plasta."

Nikatoa. Ilikuwa namba ya Mzee Salum.

"TB," akasema. "Hiyo jibini ni alama yake. Leo jioni aanze vidonge."

Mkumbuke kwamba kioo cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Kahawia yake ilikuwa ya kupiga picha. Lau tungekiamini, Mzee Salum angeuawa na dawa kabla ya ugonjwa kumfikia.

Nilikimbia Bwiza kwa miguu. Nilipoingia hakuuliza jibu. Aliuliza, "Mashahidi?"

"Wa ndiyo alisema ndiyo. Wa apana alisema apana."

"Alhamdulillahi." Kisha, kama mtu anayeuliza bei: "Na mi?"

Nikamwambia. Bi Rukia alikuwa mlangoni. Aliketi pale pale chini, juu ya kitambaa kilichokunjwa, akafunika uso kwa mtandio. Mzee Salum hakulia. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake viwili, kama anavyoshika brashi, na akakishikilia.

Alimeza vidonge. Shingo ikashuka, nguo zikaanza kumtosha tena. Nami kila siku nilipopanga vioo nilihesabu kwamba miezi michache mbele nitashusha kiti chake. Hilo sikumwambia mtu.

Alipopona kabisa alikuja maabara mwenyewe, kofia yake ya kufuma ikiwa mpya. Alitembea kati ya meza, akagusa mashine ya kukatia, akakagua kisu kwa ukucha. Kisha akasema watoto wake walioko Muscat, Oman, walikuwa wamemtumia tiketi, yeye na Bi Rukia. Wakati wa ugonjwa wasingeweza kumsafirisha. Sasa alikuwa mzima.

"Twende, Zaituni. Bi Rukia anakuita mutoto wake."

"Na wadogo zangu wanne, Mzee?"

"Najua. Ilibidi niseme."

Tukasimama pale. Sikuwa na hasira naye, wala leo sina. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, na kazi yangu nzuri ndiyo iliyompa miguu ya kuondoka. Akaniambia nisafishe kisu kwa mafuta, jambo ambalo nilikuwa nalifanya kila siku tangu anifundishe. Nikasema nitasafisha. Akaenda.

Nilibaki miaka mingi baada ya hapo, vita vikiwa bado vinaendelea na hata vilipokwisha, mpaka dawa zikaanza kuja tena na watu wapya wakaja nazo. Katika miaka ile ya katikati nilitafuta namna ya kupata mtu wa pili, na njia niliyoipata ni hii, nanyi mkiwa peke yenu itumieni: nikimaliza kupaka, nilifunika namba, nikavikagua vioo na kuandika nilichoona, kahawia ipi ya kuaminika na ipi ya kutupwa. Kisha nikavifungia. Kesho yake nilivichanganya, nikavikagua upya bila kutazama ya jana. Mtu wa pili alikuwa mimi wa kesho.

Mara nyingi tulikubaliana. Siku moja tulikosana, mimi wa jana nikisema kioo ni safi, mimi wa leo nikisema kimekauka pembeni, na hapakuwa na mtu mwingine wa kutuamua. Niliketi nacho mpaka jua likahama dirishani. Kisha nikakitupa kwenye pipa, nikasema kwa sauti kwamba hatujui, nikaanza kukata kipande kingine.